Springi za Uzito Wako

Kijiji cha Raila, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama mpendwa,

Mulembe. Leo naanza kwa kuuliza mgongo kabla ya kuuliza hali, kwa sababu ukiulizwa hali wewe husema "mzima" hata kama unajibu ukiwa umelala chali. Mgongo unaendeleaje? Unaweza kuinama ukaokota kijiko bila kushika meza? Usiku unalala, au unahesabu mabati? Maswali haya ayajibu Nabwire, kitinda mimba wako unayekaa naye. Najua atakapoanza kukusomea utamnyang'anya karatasi uisome mwenyewe, lakini majibu yawe yake. Nakupenda sana, Mama, ila kwa habari za afya yako sikuamini hata kidogo.

Mimi sijambo. Kazi ya viti kule Kawangware inaendelea, mvua imeanza kutulowesha, na chumba changu hapa Kibera bado kinavuja pale pale, basi nimezoea kulala upande mmoja. Barua yangu iliyopita uliyonirudishia na wino mwekundu kila mstari nimeibandika ukutani. Fundi mmoja rafiki yangu aliiona akauliza kama nimerudi shule. Nikamwambia mama yangu alistaafu kufundisha chekechea zamani, ila kalamu yake bado iko kazini. Kwa hiyo nakuomba mapema: humu nitakueleza watu walivyosema kwa vinywa vyao. Usiwasahihishe. Nairobi husema hivyo, na hata ungekuja na katoni nzima ya kalamu usingeimaliza.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe, na tafadhali usiikunje barua ukiona neno pikipiki.

Sijasahau Pasaka. Daktari wa mgongo alisema uende kila mwezi, nami nikajiona mwanamume, nikaitoa pikipiki aliyotuachia Baba, nikakupandisha nyuma tukaanza safari ya hospitali. Kwenye mlima wa kwanza ulinishika kiuno. Kwenye mlima wa pili ukanipiga bega. Tulipofika stoo ya pamba ukasema, "Wandera, simamisha." Ukashuka, ukakaza leso, ukasema pikipiki hii ilimfaa Baba kwa sababu alikuwa na nyama za kukalia, na kwamba wewe hutaipanda tena katika maisha haya. Ukaanza kutembea kwenda hospitali. Nami nikaisukuma nyuma yako njia nzima, watu wakitusalimu kana kwamba nampeleka ng'ombe mnadani na ng'ombe amekataa kutangulia. Niliona aibu, Mama. Sikuwaonea watu aibu. Nilikuonea wewe, ulivyokuwa ukitembea umeshika kiuno huku ukiniambia nisijali.

Tangu siku ile, Nabwire ameniandikia kwamba umekwenda hospitali mara moja tu, kwa miguu, ukarudi ukalala siku mbili. Mwezi uliofuata ukasema una shughuli za kanisa. Mwezi mwingine ukasema mvua. Haya.

Nilirudi Nairobi nimekasirika, pikipiki nimeipakia kwenye lori, na hasira ya fundi huishia mikononi. Mimi ni mtu wa sofa. Kwangu mimi mtu akiumia akikaa, kosa liko kwenye kiti. Basi nikakata sponji ile nzito, tabaka tatu, chini yake nikafunga springi za sofa juu ya gunia, juu nikavalisha velveti ya kijani, na kwa kuwa kiti kilikuwa cha mama yangu nikakitia na vifungo. Kiti kikainuka mpaka miguu yangu ikawa haifiki chini vizuri. Wateja waliokuja kununua makochi waliuliza bei yake. Nikatembea kifua mbele siku nzima.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yetu, kuna huyo rafiki yangu, fundi wa pikipiki anayeitwa Njoroge. Aliniangalia nikiipanda pikipiki, akaweka kikombe chake cha chai chini ili acheke vizuri.

"Wandera, umewekea pikipiki sofa?"

"Ni ya mathe," nikamwambia, yaani wewe Mama. "Mgongo yake ni mbaya."

Akavuka barabara, akaweka kiganja juu ya mkia wa pikipiki, akasukuma chini. Ikagonga, kó, kama mlango.

"Umesikia hiyo? Shokomzoba zimekufa. Oil ilimwagika kitambo, springi nazo zimelala. Hapa wewe umetandika godoro juu ya mawe, bana. Mathe ataumia tu, lakini ataumia akiwa maridadi."

Shokomzoba, Mama, ni zile nguzo mbili za nyuma zenye springi, zinazosimama kati ya gurudumu na kiti. Ndani yake mna mafuta yanayoizuia springi isirukeruke ovyo. Zetu zilikuwa zile zile za tangu Baba alipoinunua pikipiki, alipokuwa akizunguka vijijini kuchanja ng'ombe. Unakumbuka alivyokuwa akifika nyumbani, anashuka, anashikilia mwimo wa mlango kwanza anyooshe mgongo ndipo aseme hodi? Tulidhani ni uzee. Kumbe alikuwa amekalia chuma miaka hiyo yote na hakusema. Na mimi nikakuweka wewe pale pale.

Njoroge akanitafutia nguzo mbili zilizotolewa kwenye pikipiki kubwa zaidi, nzima, mafuta hayajavuja. Wiki mbili zilizopita, Jumapili, alikuja hapa Kibera tuzifunge nyumbani, kwenye ua wa Mama Halima. Nilishakuambia habari zake: ndiye mwenye nyumba wangu, Mnubi, babu yake alikuwa askari wa zamani za Waingereza, naye hushinda ukumbini akisuka nyungo za rangi na kumjua kila anayeingia na kutoka. Mwaka huu hajanipandishia kodi, kwa sababu nilimtengenezea kochi lake.

Tuliinua pikipiki juu ya kreti ya soda na kipande cha fremu ya sofa. Nati zilikuwa zimeoza, tukazimwagia mafuta ya taa tukangoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama mpaka magoti ya Njoroge yakaanza kulia. Tukatoa nguzo ya upande mmoja tu, tukafunga mpya, ndipo tukahamia upande wa pili, maana ukizitoa zote pamoja gurudumu huanguka na kazi huwa mbili. Bushi za ule mkono unaoshika gurudumu nazo zilikuwa zimekwisha, tukabadilisha, tukapaka grisi. Mimi niliyezoea misumari midogo na gundi, mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na nilikuwa na furaha kama siku ile uliponiruhusu kuwasha redio ya Baba.

Tulipomaliza nikamwomba Mama Halima atujaribie.

"Mimi? Nipande pikipiki na umri huu? Watu watasema nini?"

"Watasema umeenda safari," Njoroge akamwambia. "Mama, panda tu."

Nilimchagua yeye kwa sababu ni mkubwa wa mwili, amejaa, akikaa kochi linajua kuna mtu. Ndivyo ninavyokukumbuka wewe. Akapanda upande, akashika buibui lake kwa mkono mmoja na shati langu kwa mwingine, nikampeleka mpaka kwenye reli na kumrudisha, juu ya mashimo yote na ile mitaro ya maji machafu. Aliposhuka alisema, "Wallahi, kama niko kitandani kwangu." Watoto wa ploti wakapiga makofi. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kukuandikia barua ya kujisifu.

Njoroge alikuwa akipangusa mikono. Akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Na mathe yako ako na kilo ngapi?"

"Kama Mama Halima hapa."

"Una uhakika? Juu hizi springi ni za mtu mzito. Mtu mwepesi akizikalia hazilali, zinamrusha tu kama bisi kwa sufuria. Utakuwa umemharibia mgongo mara mbili."

Nikatazama mikono yangu.  Mama Halima akaacha kucheka, akaniangalia.

"Mwanangu," akasema, "mamako ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Pasaka."

"Ulimwona, au ulimsalimia tu?"

Mama, kuna jambo sijakuambia. Siku ile ya Pasaka, ulipokuwa ukitembea mbele nami nikisukuma, tulifika kwenye kijito tukakuta mvua imechukua magogo ya daraja. Nikaegemeza pikipiki, nikakubeba mikononi nikuvushe. Nilijikaza, nikatanua miguu, nikavuta pumzi kama ninavyofanya nikiinua kochi la watu watatu. Nawe ukaja juu upesi hivi kwamba nilikaribia kuanguka kinyumenyume. Ukacheka, ukasema Nairobi imenipa nguvu. Nikacheka nami, nikasema ni viti, Mama, viti vinajenga mwili. Tulidanganyana pale katikati ya maji, wewe na mimi, na wote tulijua. Nilikuvusha ng'ambo nikakuweka chini polepole, nikairudia pikipiki, na tangu wakati huo nimekuwa nikiikwepa ile hatua ya kijito kila nikikufikiria.

Na ona aibu yangu: kazi yangu ni kujua uzito wa watu. Mteja akiingia karakanani simwulizi kitu. Namwangalia anavyokaa na anavyoinuka, najua nimfungie springi ngapi. Mama yangu mwenyewe ndiye niliyekataa kumpima.

Nikawaeleza yote hayo pale uani. Njoroge hakucheka. Alifikiri, akasema, "Basi mikono yako inajua. Enda ubebe vitu mpaka umpate."

Nikaenda Silanga, upande wa bwawa, kwa mama mmoja muuza mboga na viazi. Nikamwomba niinue gunia lake la viazi. Nikaliinua. Hapana, huyo alikuwa Mama Halima. Nikaomba tupunguze. Tukatoa viazi kwenye karai, nikaliinua tena, safari hii si begani, nikalipakata mikononi kama nilivyokupakata, nikafumba macho nikatembea hatua tano, upana wa kijito. Bado. Tukapunguza tena. Yule mama alianza kuniangalia vibaya.

"Wewe unanunua viazi ama unabembeleza mtoto?"

"Natafuta kitu, mama. Nivumilie."

Mara ya tano, Mama, nilifumba macho na mikono ikakubali. Nilikujua. Hata maji nikayasikia miguuni. Nikasimama hapo na wewe umelala kifuani kwangu kati ya makabichi na makaa, sikutaka kukuweka chini. Ndipo tukalitundika gunia kwenye mizani yake. Kilo arobaini na moja.

Wewe uliyekuwa ukitoka kisimani na mtungi kichwani, Nabwire mgongoni, na mimi nimekushika sketi nikikuvuta nyuma. Arobaini na moja. Nililia hapo hapo, sikujificha. Yule mama akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mama yangu yuko hai, ila leo ndiyo nimemwona. Akanipa kitambaa chake cha kufutia pesa nikafutia macho.

Sikumruhusu avirudishe vile viazi kwenye rundo. Nilivinunua vilivyo. Nikalifunga gunia nyuma ya pikipiki, Mama Halima akanipa leso yake nilifunike, nikaendesha Njoroge akitembea nyuma. Kwenye shimo la kwanza tu, aliona mwanga kati ya gunia na kiti. "Umeona?" akanipigia kelele. "Huyo ni mathe yako. Angekuwa amebaki hapo kwa shimo."

Basi wiki iliyofuata akaleta springi laini, za pikipiki nyepesi, akazivalisha kwenye nguzo zile zile. Tukapunguza na sponji yangu, tabaka mbili zikaondoka, sasa miguu inafika chini. Alitaka velveti nayo itoke, nikakataa katakata. Kiti ni cha Mama, velveti itabaki na vifungo vyake. Jana nikalipakia gunia tena, nikaenda nalo kutoka Kibera mpaka Kawangware kwa njia mbaya zote nilizozijua, makusudi. Katikati ya njia nilijisikia nikisema, "Shika, Mama, kuna shimo." Waliokuwa wakipita walidhani nimerukwa na akili. Tulipofika, Njoroge alifungua gunia akakagua kiazi kimoja kimoja. Hakikuwepo hata kimoja kilichochubuka. Na pikipiki haikugonga, Mama. Inashuka na kupanda polepole, kama mtu anayepumua.

Viazi Mama Halima alivipika jioni, tukala ploti nzima. Kabla ya kula nilisema ni vya nani. Wakristo wakakuombea, Waislamu wakakuombea, kila mtu kwa lugha yake, na sufuria ikapoa lakini hakuna aliyelalamika.

Sasa nina maombi mawili.

La kwanza. Desemba naja na lori la mtu wetu wa Busia, pikipiki iko nyuma pamoja na makochi. Nitaiacha kwa kaka Ojiambo awe anakupeleka hospitali kila mwezi. Mwambie aanze kupunguza mbio tangu sasa, nitampima kwanza kwa gunia. Ninachoomba ni upande mara moja tu. Ikikuumiza kabla hatujafika stoo ya pamba, nitaiuza siku hiyo hiyo, nikubebe mikononi, na hutasikia tena neno pikipiki kinywani mwangu. Sasa najua naweza kukubeba mpaka hospitali. Hilo ndilo linalonitisha.

La pili. Pita pale poshomili unakosagisha mahindi, usimame juu ya mizani, Nabwire aandike hesabu aliyoiona kwa macho yake. Usivae gumbuti wala usitie mawe mfukoni, nakujua. Kama mikono yangu ilikosea, Njoroge atabadilisha springi kabla sijaondoka. Na daktari naye aambiwe hesabu hiyo, na lini ilianza kushuka. Ulitufundisha wewe mwenyewe ubaoni: mficha maradhi kilio humfichua. Sikukasirikii kwa kuficha. Nimekukasirikia kidogo tu, na mimi mwenyewe zaidi, kwa sababu nilikusaidia kuficha.

Nisalimie Ojiambo na mke wake. Nisalimie Shangazi Taabu, anayekaa ng'ambo ya kijito, umwambie nashukuru kwa njugu alizonipa Pasaka, na kwamba daraja likitengenezwa aniarifu. Nisalimie katekista wetu na wote mnaokaa nao benchi la akina mama. Mama Halima anakutumia ungo aliousuka, wa zambarau na njano, na maneno haya: "Mwambie nimemjaribia kiti, akikalie bila wasiwasi." Njoroge anakusalimu pia. Anasema ukimsahihishia Kiswahili ataacha ufundi.

Mbebaji wa barua hii atakupa pia kitu kizito kidogo, nimekifunga kwa kipande kilichobaki cha velveti ya kijani. Ni spana iliyopinda kama mundu. Chini ya kila springi kuna pete yenye meno matano, na spana hiyo ndiyo inayoigeuza. Jino la tano ni la mtu mzito, jino la kwanza ni la mtu mwepesi kabisa. Njoroge ameweka kwenye la kwanza, nami nilimwangalia akiweka nikageuza uso. Spana ya aina hiyo hapa ilikuwa moja tu, na sasa iko kwako, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuzigeuza springi zile ila wewe. Kula, Mama. Nenda hospitali. Nikija tena Pasaka ijayo nataka kukuta tumefika jino la pili.

Mwanao,
Wandera